Maji Tuliyatoa, Ubongo Je?

Sisi tuliozaliwa kabla ya uhuru tulikuta watoto wenye vichwa vikubwa, ugonjwa wa maji kujaa ndani ya ubongo, wakifichwa chumba cha uani. Mgeni akipiga hodi, mlango unarudishwa. Mama husemwa kavunja mwiko, na baba wengine hawakungoja waulizwe, waliondoka. Nilipoanza kazi ya uuguzi niliwapokea wakiwa wamechelewa: utosi umetuna, mishipa ya kichwani imesimama, mboni zimeshuka hadi nusu yake imezama kwenye kope ya chini.

Kizazi chetu hakikukaa bure. Mwaka 1956 fundi mitambo wa Marekani, John Holter, alibuni vali ya mpira wa kutolea maji baada ya mwanawe kuzaliwa na ugonjwa huo. Kuanzia 2001, kule Mbale, Uganda, Daktari Benjamin Warf akawa anatoboa njia ndani ya ubongo na kuchoma tishu zinazotengeneza maji, ili mtoto wa kijijini asiishi kwa kutegemea mpira unaoziba. Tuliona fahari, na ilikuwa haki yetu.

Lakini wapo waliotolewa maji wakabaki nyuma kukaa, kusema na kusoma. Maji yalikuwa yameshavuta nyuzi za ubongo na kubana mishipa midogo ya damu. Kuyatoa hakurudishi kilichokwisha kuharibika.

Hapo ndipo wanapoingia panya wa kujaribia dawa za kulinda ubongo, na vijana hucheka nikiwataja. Kule Winnipeg, Kanada, mtafiti Marc Del Bigio na wenzake waliwadunga panya kaolini, udongo mweupe wa vyombo vya kauri, kisogoni, maji yakakosa pa kupita. Kisha wakawapa baadhi yao nimodipini, dawa ambayo tayari hutumika kwa wagonjwa waliovuja damu kichwani. Mwaka 2001 walitoa taarifa kwamba waliopewa dawa walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Baadaye walijaribu dawa za kupambana na sumu za oksijeni, hazikufua dafu, na hilo nalo wakaliandika. Nawavulia kofia. Waganga wa enzi zangu, wa mitishamba na wa hospitali, walikuwa wazito kutaja dawa iliyoshindwa. Panya wanateseka, sikatai; bado naona kazi hiyo ni ya lazima.

Ila hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kulinda ubongo wa mtoto na maji hayo. Kwa hiyo, mwanangu, ukiona kichwa cha mtoto wako kinakua mbio, nenda kliniki kipimwe kwa futi kamba wiki hii hii. Usimsubiri panya.