Saa sita na dakika kumi za usiku

Maharusi wengi wakija dukani kupimwa huniuliza, "Dada, ukienda China kufuata lesi si unarudi kesho yake?" Wanadhani Guangzhou ni kama kuvuka Dar kwa boti.

Kutoka Unguja hadi Guangzhou, ukinyoosha moja kwa moja, ni karibu kilomita 8,700. Mimi na kaka yangu, ambaye ndiye mahram wangu safarini, hupitia Addis Ababa, na hapo inafika kama 9,700. Mpaka Addis ni saa mbili na nusu hivi, mnakaa mkingoja, kisha ndege ya pili inakwenda kama saa 10. Na saa za kule zimetangulia zetu kwa saa 5. Ukienda, usiku unakuwa mfupi, hujapata usingizi Alfajiri imeshaingia. Ukirudi, usiku hauishi. Hata kibla kinahama. Kwetu kibla ni kaskazini, wazee mpaka leo wakitaka kusema kaskazini husema kibla, lakini kule unaelekea magharibi. Siku ya kwanza niliswali Adhuhuri nikiwa nimekosea, nikairudia.

Sasa kosa langu. Mwaka ule nilichukua kazi ya bi harusi mmoja, nikaah yake Ijumaa baada ya Laasiri. Tiketi ya kurudi imeandikwa Jumanne, 00:10. Mimi nikasoma Jumanne usiku. Jumanne tukazunguka sokoni kuongeza ushanga, tukaswali Magharibi na Isha pamoja, tukaenda uwanja wa ndege na mabegi yetu. Binti wa kaunta akaitazama tiketi, akanitazama mimi. Ndege yetu ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia Jumanne, tulipokuwa tumelala hotelini.

Ya usiku ule imejaa. Tukalipa faini, ambayo ilimeza faida yote ya kazi ile, tukapata ya usiku uliofuata, nayo pia 00:10, Alhamisi. Tulifika Unguja Alhamisi saa 7 mchana. Ukitoa hivyo hivyo utasema tulisafiri saa 13, kumbe ongeza zile 5, ni 18. Miguu imevimba, na gauni halijakatwa.

Nilimpigia simu mama wa bi harusi nikamweleza ukweli, sikumsingizia mtu wa ndege wala wa forodha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya mwanangu, anza kukata." Usiku kucha cherehani mbili hazikuzima. Baada ya swala ya Alfajiri nikasikia hodi. Ni yeye, na chupa ya chai na mandazi. Alivua buibui, akavaa miwani, akaniomba sindano, tukashona ushanga wa mikono pamoja mpaka saa 4 asubuhi, bila kunitajia tiketi hata mara moja.