Anga Isiyokuwa na Twiga

Nilizaliwa Lupaso, lakini ndege nilizifahamu Mtwara, nilikopelekwa kusoma sekondari. Zilikuwa Fokker Friendship za East African Airways. Ukiwa darasani ulizijua kabla hujaziona, maana injini zake mbili za Rolls-Royce Dart zilipiga mluzi mkali uliopenya mpaka kwenye meno. Siku za mapumziko tuliwahi uwanja wa ndege, tukasimama nje ya uzio kumngoja simba, nembo ya East African, ashuke.

Mwanzoni mwa 1977 shirika hilo likafa, na mwaka haukwisha Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyolimiliki nayo ikavunjika. Machi ikaundwa ATC, yaani Air Tanzania. Baada ya muda ndege ya aina ileile, yenye mluzi uleule, ikatua ikiwa na twiga mkiani. Mzee mmoja aliyekuja kupokea mgeni akaitazama, akasema, "Kumbe twiga naye anakula simba." Wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeukodolea macho mchoro: ile shingo ndefu na ule mkia wa ndege uliosimama vilikubaliana. Tangu hapo nilitaka kuwa mchoraji, ingawa kazi niliyokuja kuifanya Dar es Salaam ni kuandika mabango ya maduka.

Picha hatukupiga. Kamera nani alikuwa nayo? Na mwenye nayo asingethubutu kuitoa pale. Kusini kulikuwa mpakani. Nachingwea walifundishwa wapiganaji wa FRELIMO mpaka Msumbiji ilipopata uhuru 1975, na uwanja wa ndege ulihesabiwa mahali pa ulinzi. Askari akikuona na kamera, safari yako iliishia kwake.

Mwaka 2003 watu wa Kusini tulipata daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Kabla yake, masika yakichachamaa na kivuko cha Ndundu kikikwama, mtu wa Masasi mwenye haraka alibakiwa na meli au ndege. Rais Mkapa alikuwa mtoto wa Lupaso, kwa hiyo majigambo hayakukosekana kijijini. Mimi mwaka huo nilikuwa na jambo langu jingine: Flight Simulator 2004 ya Microsoft ilitoka Julai, na haikupita muda CD yake ikaonekana Kariakoo. Msiniulize ilifikaje.

Mchezo ule ulikuwa na ndege zinazojiendesha zenyewe ili usijione peke yako angani. Niliegesha yangu Dar es Salaam, nikangoja kuona nani anatua. Zikaja Orbit, Pacifica, Landmark na World Travel, mashirika ya kubuni ambayo hakuna binadamu aliyewahi kukata tiketi yao. Twiga hakuwapo. Mpwa wangu, aliyekuwa akiishi nami, akaniuliza, "Mjomba, wewe si unaandika mabango? Huwezi kuwapaka hawa?"

Kumbe duniani kulikuwa na watu waliofanya kazi hiyo hasa. Mmoja huunda umbo jepesi la ndege, kwa sababu kompyuta inabidi ibebe kadhaa kwa mpigo. Mwingine huchora picha bapa inayovishwa umbo hilo. Wa tatu huandika ratiba. Mimi nikashika uchoraji. Picha yangu ilikuwa ya pikseli 1024 kwa 1024, na ndani yake mkia ulipewa kipande kidogo mno. Shingo ya twiga iliangukia upana wa pikseli chache, na ndege ikisogea mbali kidogo inatoweka. Hapo ufundi wa mabango ulinifaa. Herufi ya kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara huinenepeshi kote, unanenepesha pale jicho linapoanzia. Nikampa twiga shingo nene kuliko haki yake, miguu nikaifinya, madoa nikayaacha. Ukimtazama kwa karibu ni kituko. Ukimtazama ukiwa ng'ambo ya njia ya kurukia, ni yeye.

Nyeupe nayo ina mambo. Nyeupe kamili kwenye kioo inaunguza macho, wakati ndege iliyokaa juani Mtwara haikuwa hivyo. Nilichanganya kijivu na chembe ya manjano. Tumboni, nyuma ya magurudumu, nikapuliza wekundu wa vumbi la Kusini. Mng'ao nikaupunguza. Usiku unahitaji picha ya pili, yenye madirisha yanayowaka, na madirisha ya Fokker ni mayai makubwa yasiyofanana na ya Boeing. Yapo pia maumbo ambayo upande mmoja wa picha hutumika kwa mbavu zote mbili: kushoto unasoma Air Tanzania, kulia unasoma kinyume. Maumbo hayo nilikuwa siyagusi.

Ratiba nilimwachia mpwa wangu. Fokker ikaondoka Dar, ikatua Mtwara, ikafika mwisho wa njia, ikayeyuka mbele ya macho yetu. Uwanja wa Mtwara wa kwenye CD haukuwa na maegesho, na ndege ya aina ile ikikosa pa kuegesha hufutwa. Tulichora maegesho. Safari iliyofuata ilisimama, injini zikazimwa, na mpwa wangu akapiga makofi.

Taabu kubwa ilikuwa vielelezo. Boeing 737 mbili za ATC, Kilimanjaro na Serengeti, zilifika mpaka nje na wageni wakazipiga picha. Hata ile safari ya Mwanza kwenda Dar iliyotekwa Februari 1982 ikaishia Stansted, Uingereza, ndege yake iliangaliwa na dunia nzima. Lakini Fokker zilihudumia Mtwara na Nachingwea, walikokuwa watu wasio na kamera na askari wasiozitaka. Za Boeing nilizichora kwa picha, za Fokker kwa kichwa changu. Sioni aibu kusema kuwa kichwa changu ndicho kilichobaki.

Ndege mpya za Air Tanzania zilizoanza kuja 2016, na Dreamliner ya Julai 2018, kila kijana ana picha zake simuni. Hizo hazina shida. Shida ni zile za zamani. Kama nyumbani kuna picha ya ndege ya ATC ya miaka ya sabini au themanini, iwe ya Mtwara, Songea, Mafia au popote, usiitupe kwa kuwa imefifia au kwa kuwa shangazi aliyesimama mbele ya mkia hamumkumbuki. Andika nyuma yake mwaka na mahali, na herufi tatu za usajili zinazofuata 5H kama zinasomeka, kisha mpe kijana mwenye skana.