Kufundisha Mkono na Mguu: Somo Litokalo Katika Gari Jipya

Kati ya zana za kufundishia zilizo karibu nasi katika vyuo vya ualimu, ipo moja ambayo aghalabu haihesabiwi. Mwanachuo hukusanya vizibo vya chupa kwa ajili ya Hisabati, huchora ramani juu ya magunia, huotesha maharage katika kopo. Lakini gari lililoegeshwa kivulini nje ya ofisi hulipita kila siku bila kuliuliza neno. Sisi tunaofundisha mbinu za ufundishaji tumelitumia gari la namna hiyo kwa mihula kadhaa, na twapenda kueleza katika kurasa hizi yale tuliyojifunza kwalo.

Hatukusudii kumfanya mwanachuo kuwa dereva. Kazi hiyo ina shule zake, na leseni hutolewa na wenye mamlaka baada ya mtihani. Tunakusudia kuonyesha jinsi mtu anavyoupata ustadi wa viungo, jinsi ustadi huohuo unavyoweza kumponza, na wajibu wa mwalimu katika jambo hilo.

Tusemapo gari jipya, hatumaanishi lile tu lililotoka kiwandani. Magari mengi yanunuliwayo na walimu nchini mwetu yametumika kwanza Japani kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, kwa mkono na mguu wa yule anayelinunua, gari hilo ni jipya kabisa. Kitabu chake cha maelezo, kama kimo, aghalabu kimeandikwa Kijapani. Basi mwenye gari hufundishwa na jirani, kwa dakika kumi, uani kwake: "Hapa unawasha, hapa unakanyaga, twende." Ndiyo maandalio yote.

Jambo la kwanza ambalo yafaa mwanachuo alitambue ni kwamba vyombo vya kuongozea gari havikupangwa na maumbile. Vilipangwa na watu, kwa mapatano. Kati ya mwaka 1908 na 1927 kampuni ya Ford ya Marekani iliunda magari milioni 15 hivi ya aina iliyoitwa Model T. Gari hilo lilikuwa na makanyagio matatu, kama gari la leo la gia za mkono. Lakini kanyagio la kushoto lilikuwa la kubadilishia gia, la katikati lilikuwa la kurudia nyuma, na la kulia ndilo lililokuwa breki. Mafuta hayakukanyagwa kwa mguu, bali yaliongezwa kwa mkono, kwa wenzo mdogo uliokuwa chini ya usukani. Dereva hodari wa leo akiwekwa katika gari hilo, akakanyaga katikati akitafuta breki, atakuwa ameliamuru gari lirudi nyuma. Uhodari wake wote hautamfaa kitu.

Mwanachuo asidhani kwamba mambo hayo ni ya kale tu. Katika magari mengi yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani, wenzo wa taa za ishara uko upande wa kulia wa usukani, na ule wa waipa uko kushoto. Katika magari mengi ya Ulaya ni kinyume chake. Ndiyo sababu twaweza kumwona dereva akikaribia njia panda mchana wa jua kali huku waipa zikipangusa kioo kikavu. Hapo watazamaji hucheka. Lakini aliye nyuma yake hakuona ishara yoyote, naye hajui kwamba gari lililo mbele linakata kona.

Mwenzetu mmoja, mkufunzi aliyeendesha magari ya gia za mkono kwa zaidi ya miaka 20, alinunua gari la otomatiki. Gari la gia za mkono lina klachi, breki na mafuta, na mguu wa kushoto kazi yake ni klachi peke yake. Gari la otomatiki lina breki na mafuta tu, na yote mawili ni kazi ya mguu wa kulia. Mguu wa kushoto hupumzika. Mwenzetu alijua hayo, na kama ungalimwuliza angaliyataja bila kusita. Siku moja alipolikaribia lango la chuo, watoto wa shule ya mazoezi walikuwa wakivuka barabara. Alitaka kupunguza mwendo. Mguu wake wa kushoto, kama ulivyozoea, ulikimbilia klachi na kukanyaga hadi chini. Na kwa kuwa klachi haikuwapo, uliangukia kanyagio pana la breki. Gari lilisimama ghafla, na kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake akalikwepa kwa kujitupa majanini. Alichubuka kiwiko tu, na watoto walivuka salama. Lakini sisi tulioshuhudia hatukuweza kuendelea na mazungumzo yetu.

Mwenzetu hakuwa mzembe wala mjinga. Mguu wake ulitenda sawasawa kama ulivyofundishwa kwa miaka 20. Kilichokosekana ni mtu wa kumketisha katika gari jipya, likiwa limezimwa, akamzoeza tangu mwanzo.

Mazoea ya zamani yanaweza kuwa mema kabisa na bado yakadhuru. Tuchukue mfano wa breki. Madereva wa zamani walifundishwa, na walifundishwa vema, kwamba katika barabara yenye utelezi breki isikanyagwe kwa nguvu moja. Ikanyagwe na kuachiwa, ikanyagwe na kuachiwa, ili magurudumu yasijifunge na gari likaserereka. Mwaka 1978 gari la Mercedes-Benz lilianza kuuzwa likiwa na mtambo uliotengenezwa na Bosch, ambao hufanya kazi hiyo wenyewe, mara nyingi katika kila sekunde, kuliko mguu wa mtu uwezavyo. Mtambo huo sasa umo katika magari mengi. Dereva wa gari lenye mtambo huo hupaswa kukanyaga breki kwa nguvu na kushikilia, huku akiongoza usukani kukwepa hatari. Kanyagio litatetemeka na kunguruma chini ya mguu. Asiyejua sababu huogopa, akadhani gari limeharibika, akauondoa mguu wakati ule ule anapohitaji breki kuliko wakati wowote. Wala anayeufahamu mtambo huo asijidanganye kwamba gari litasimama upesi zaidi kila mahali. Juu ya changarawe na mchanga laweza kwenda mbele zaidi kabla ya kusimama. Faida yake kubwa ni kwamba gari laendelea kuutii usukani.

Mfano mwingine ni wa mteremko. Wako madereva ambao, wakifika mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, huiondoa gia na kuliacha gari litiririke ili kuokoa mafuta. Katika magari mengi ya siku hizi hakuna kinachookolewa, kwa kuwa gari likiteremka ndani ya gia, na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, mtambo hukata mafuta yaendayo kwenye injini. Kinachopotea ni msaada wa injini katika kulizuia gari. Mzigo wote huangukia breki. Breki hupata moto, na zikipata moto kupita kiasi huacha kushika. Anayezima injini kabisa hujidhuru zaidi, kwa maana usukani huwa mzito, na breki, baada ya kukanyagwa mara chache, hukosa nguvu ya kumsaidia. Katika gari la otomatiki, herufi L au tarakimu 2 iliyo karibu na D imewekwa kwa ajili ya safari kama hiyo. Wangapi huiona kila siku wasijue kazi yake?

Katika miaka ya 1980 huko Marekani yalizuka malalamiko mengi kwamba gari la Audi 5000 lilikuwa likienda mbio lenyewe, mara tu dereva alipoingiza gia. Watu waliumia, na wengine walikufa. Idara ya serikali inayosimamia usalama barabarani ilichunguza jambo hilo, na katika taarifa yake ya mwaka 1989 ilieleza kwamba sababu iliyoelekea zaidi kuwa ya kweli ni mguu kukanyaga mafuta huku dereva akiamini amekanyaga breki. Kadiri gari lilivyokwenda mbio, ndivyo alivyozidi kukanyaga. Namna makanyagio yalivyopangwa nayo ilitajwa kuwa yaweza kuchangia kosa hilo. Tangu wakati huo ilienea desturi ya kuweka kufuli, hata leo magari mengi ya otomatiki hayatoki kwenye P mpaka breki ikanyagwe kwanza. Hapo mwanachuo ataona kwamba kufuli hilo halikuwekwa kumsumbua mtu.

Sasa twaeleza jinsi tunavyolifundisha somo hili. Gari huwa limezimwa, breki ya mkono imevutwa, na ufunguo uko mkononi mwa mkufunzi tangu mwanzo hadi mwisho.

Katika hatua ya kwanza, mwanachuo hukitaja kila chombo kwa kazi yake, wala si kwa jina lake peke yake. Akisema, "Hii ni breki ya mkono," hajasema kitu. Akisema, "Hii hukaza magurudumu ya nyuma kwa waya, nayo hushika hata injini ikiwa imezimwa," hapo ameanza kufahamu. Mwenye kulipenda somo la Sayansi ataona pia kwamba kanyagio ni wenzo, kama zile azifundishazo darasani.

Hatua ya pili ni ya kuuliza sababu. Kwa nini N iko kati ya R na D? Wanachuo hubishana kwanza, na mkufunzi hunyamaza. Kwa kawaida hatimaye mmoja hugundua: ili mkono utokao kwenda mbele usiangukie moja kwa moja kurudi nyuma. Jibu lililopatikana kwa ubishi halisahauliki upesi.

Hatua ya tatu ni ya kufumba macho. Mmoja huketi penye usukani, na wenzake huita: "Mvua!" "Giza!" "Kona ya kushoto!" "Mtoto!" Mkono au mguu hupaswa kwenda mahali pake bila jicho kuutafuta, maana jicho la dereva ni mali ya barabara.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiacha, ni ya kuhamia gari la pili la namna nyingine. Mwanachuo hutaja kwa sauti mambo yaliyobaki vilevile na yale yaliyobadilika, kisha hurudia zoezi la kufumba macho. Hapa ndipo hodari hukosea kuliko wageni, na hapa ndipo somo lilipo.

Hatua hizo nne ni zilezile anazozihitaji mtoto wa darasa la tatu. Mtoto aliyefundishwa kutoa 17 katika 42 kwa kukariri maneno ya "kopa moja" ataendelea vizuri mpaka siku atakapopewa 402 atoe 17. Atafika kwenye sifuri, na mkono wake utatafuta kitu ambacho hakipo, kama mguu wa mwenzetu ulivyoitafuta klachi. Mwalimu asimkemee. Na arudi kwenye sababu: yale mamia, makumi na mamoja ni nini, na kinachokopwa hutoka wapi.

Tofauti ni kwamba kosa la hesabu hufutwa kwa kifutio. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa, mwendo ulioruhusiwa katika makazi ya watu, hupita karibu mita 14 katika kila sekunde, na huo ni zaidi ya urefu wa darasa la kawaida. Dereva anayesita sekunde moja, akijiuliza breki iko wapi, ameshavuka darasa zima kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali ambao breki zahitaji kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Watoto wetu huenda shule na kurudi kwa miguu kando ya barabara hizo.

Kwa hiyo twamwomba kila mwanachuo, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, achague kifaa kimoja akitumiacho kila siku bila kufikiri, kiwe baiskeli, cherehani au gari, aandike andalio la somo la dakika 40 la kumfundisha mtu asiyekijua, na mbele ya kila tendo aandike sababu yake. Pale atakapokosa sababu ya kuandika, amwendee fundi akamwulize kabla hajalifundisha somo hilo.