Barua kwa mjukuu aliyepata S ya Fizikia

Soni, Lushoto
Julai

Mume wangu mdogo,

Baridi ya huku milimani mwaka huu imekaza, sisi wazee hatutoki nje kabla ya saa nne. Tangu matokeo yatangazwe mama yako hanipi nafasi ya kupumua kwa simu, na baba yako naye hupiga akiwa kazini ili mama yako asijue. Mama anataka urisiti, yaani urudie mtihani, baba anataka uende chuo chochote kitakachokupokea. Wewe umenitumia picha ya matokeo bila hata shikamoo. Nimekusamehe, nikavaa miwani nikaisoma.

Biolojia C, Kemia D, Fizikia S. Divisheni ya tatu ya pointi 13. Hizo 13 ziache, maana huko vyuoni hakuna atakayekuuliza. Baraza la Mitihani linahesabu C kuwa 3, D kuwa 4 na S kuwa 6, na mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S yako ni nusu tu. Ili uingie shahada unatakiwa uwe na masomo mawili yenye alama kati ya A na E, jumla yake isipungue pointi 4. Wewe una 5. Sasa nani amekuambia umefeli? Oktoba hii unaweza kuwa darasani unasomea ualimu wa Biolojia na Kemia, na mimi niliyekula mshahara wa ualimu mpaka nikastaafu sitaona haya kukusindikiza.

Mlango uliofungwa ni ule anaoutaka mama yako, udaktari. Huko wanataka walau D katika Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Chuo cha Muhimbili waombaji ni wengi kuliko viti, na mwenye D tatu atakaa nyuma ya wenye A na B. Hili mama yako halijui, au analijua na hataki kulisikia. Anadhani ukiipandisha Fizikia basi koti jeupe limepatikana.

Nimefundisha Fizikia, kwa hiyo hapa niache niseme kwa kirefu. S maana yake ulipata kati ya 35 na 39. D inaanzia 50. Unatafuta maksi 11 hadi 15. Maksi hizo ziko wapi? Usinijibu kwamba utasoma kwa bidii, kila anayerudia husema hivyo na wengi hurudi na alama ileile. Nataka unioneshe mahali. Pepa ziko tatu, na ya tatu ni ya vitendo. Pasaka ulipokuja uliniambia vifaa vya maabara ndiyo kwanza vimewafikia, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mtihani, na kwamba saketi ulikuwa hujawahi kuiunga kwa mikono yako mwenyewe. Ikiwa maksi zilipotelea hapo, ni jambo linalorekebishika. Mtoto anayejua nadharia akipewa miezi ya kupima, kuchora grafu na kutafuta mteremko wake, pepa ya tatu inampa maksi nyingi kuliko anavyodhani. Lakini ikiwa uliganda kwenye pepa ya kwanza na ya pili, kwenye sumakuumeme na mawimbi, ndugu yangu, huo ni mwaka mzima wa kujenga upya, na wewe somo lenyewe hulipendi. Ulikuwa unalikimbia tangu kidato cha tatu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kumjibu mama yako. Baraza huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Pakua wa Fizikia wa miaka ya karibuni. Kisha chukua pepa uliyofanya Mei, kaa nayo kwa saa zilezile, bila simu, bila daftari. Jisahihishe kwa ukatili. Ukishindwa kuwa mkatili niletee mimi.

Ukiamua kurisiti, risiti Fizikia peke yake. Mtahiniwa wa kujitegemea halazimiki kurudia masomo yote, na C yako ya Biolojia uliipata kwa jasho, kwa nini uirudishe mezani? Namba yako safari hii itaanza na P badala ya S. Kuna watoto hiyo P inawanyima usingizi, sijui kwa nini, mgonjwa hatakuomba namba ya mtihani. Ila kabla ya kulipa hata senti, waandikie vyuo unavyovitaka uwaulize wanavyopokea matokeo ya vikao viwili tofauti, na jibu lao ulitunze. Tafuta kituo chenye maabara inayofanya kazi, uingie uione kwa macho. Na usajili hufungwa miezi mingi kabla ya Mei, usije ukaniambia Februari kwamba ulikuwa bado unafikiri.

Kuna wazo la baba yako, uende chuo Oktoba na Mei urudie Fizikia pembeni. Silitaki. Mei chuoni ni katikati ya masomo, utakosa huku na kule, na ukiacha katikati deni la Bodi ya Mikopo halitakuacha.

Halafu kuna njia ambayo hakuna aliyeitaja humo nyumbani. Desemba ulipomuuguza babu yako pale hospitali ya wilaya, aliyemshona mguu, akamsimamia usiku, akamgombeza kuhusu sukari, ulikuwa unamwita dokta. Yule ni tabibu. Amesoma stashahada ya utabibu, miaka 3, na wanaingia kwa ufaulu wa kidato cha nne katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Za kidato cha nne unazo zote. Mwenye stashahada na GPA ya kutosha anaweza kuomba udaktari baadaye. Ni njia ndefu, kwani udaktari wenyewe ni miaka 5 na mwaka wa mafunzo kazini juu yake, lakini utakuwa unatibu watu tangu mapema. Wewe ulikuja kuniambia unampenda yule bwana alivyokuwa anafanya kazi. Hukuniambia unapenda cheo chake.

Kuhusu wenzako watakaokutangulia, usijisumbue. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, mtu alimaliza kidato cha sita, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi miaka 2 ndipo chuo kikuu kimfikirie. Kaka yangu alikaa ofisini kwenye shamba la mkonge Korogwe akihesabu marobota. Hakuna aliyemwita mzembe, kwa kuwa wote walikuwa hivyo. Mwaka mmoja unauona mrefu kwa sababu mnaangaliana kwenye simu.

Ukiniuliza mimi, ningeomba utabibu sasa hivi, dirisha likiwa wazi. Kama pepa ya Mei ikionesha kwamba nadharia unaiweza na kilichokuangusha ni vitendo tu, nitabadili mawazo na nitachangia ada ya kituo kutoka kwenye pensheni. Ila ni mara moja. Ukirudia mara ya pili mtafutane na mama yako.

Njoo Jumamosi na pepa uliyojisahihishia, pamoja na matokeo ya kidato cha nne. Mama yako nitazungumza naye mwenyewe, wewe usimwambie lolote kuhusu utabibu mpaka nimpigie. Na uje na dawa za babu yako, za mwezi huu zimebaki za siku chache.

Bibi yako