Mama Alidhani Kuna Mchepuko, Kumbe ni Gesi

Kuna baba mmoja wa Tabata, dereva taksi wa kijiweni, ndoa yake nusura ivunjike kwa sababu ya mtungi wa gesi. Siyo ule wa jikoni wadau, ule wa kwenye buti.

Iko hivi. Baba huyu ana Carina TI ya zamani, mashine ya 5A, ile yenye distributa. Gari hilo limesomesha watoto wawili na kujenga vyumba vitatu, kwa hiyo pale nyumbani halisemwi vibaya. Petroli ilipovuka 3,000 kwa lita, mambo yakaanza kubana. Wenzake kijiweni walishahamia gesi, ile inayotoka Songo Songo, wakati huo kilo moja ilikuwa 1,550. Mtungi wa kilo 11 ulikuwa unajaa kwa elfu 17 na chenji kidogo, gari linatembea kama kilometa 150. Kwa petroli safari hiyo inakula lita 15, piga hesabu mwenyewe.

Tatizo hela ya kufunga. Mke wake, mama wa vitenge, akatoa milioni moja na laki nane kwenye kikoba kwa jina lake yeye. Makubaliano yakawa kila jioni elfu 15 inarudi, miezi minne deni limekwisha. Baba akakubali huku anacheka, maana kwa hesabu za kijiweni hiyo ilikuwa hela ndogo.

Wiki mbili za mwanzo hela ikaja. Ya tatu ikawa elfu nane, halafu elfu tano, halafu "mama watoto, kesho". Akiulizwa anasema foleni kituoni. Ni kweli foleni za gesi Dar zinajulikana, mtu anaweza kulala na kuota ndoto mbili kabla zamu yake haijafika. Lakini foleni inakula muda, haili elfu 15 kila siku.

Siku moja mama anafua shati, akakuta risiti mfukoni. Petroli, Kimara, saa tatu usiku. Akakaa chini na beseni lake. Gari la gesi, petroli ya nini? Na huko Kimara kuna nani? Akaficha risiti. Baada ya wiki alikuwa nazo sita, nne zote za Kimara. Mawifi wakaambiwa, shoga zake wakaambiwa, na kama kawaida kila mmoja akawa na jina la mwanamke anayemhisi.

Ukweli ni kwamba gari lilikuwa halivuti. Likiwa kwenye gesi linamisi, likisimama kwenye mataa linatetemeka halafu linazima, na ule mlima wa Morogoro Road kutoka Ubungo kwenda Kimara lilikuwa linaupanda kama mgonjwa wa pumu. Abiria wanalalamika. Kwa hiyo baba akifika Ubungo anabonyeza swichi kimya kimya, taa ya kijani inazima, anarudi kwenye petroli. Akawa anabonyeza mapema zaidi kila siku, mwishoni gesi ikabaki ya kutembelea mtaani tu. Alirudi kwa fundi aliyemfungia, akaambiwa, "Ndiyo gesi ilivyo mzee, utazoea." Nyumbani hakusema, kwa sababu yeye ndiye aliyeililia hiyo gesi. Wanaume bwana, bora ahisiwe ana mchepuko kuliko kusema nimekosea.

Aliyemwokoa ni binti mmoja fundi, mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza, anafanya kazi kwenye gereji ya baba yake. Alimkuta baba huyu amezimikiwa barabarani, akamvuta mpaka gereji.

"Shikamoo baba. Gari hii tangu ifungwe gesi imewahi kuguswa tena?"

"Marahaba. Iguswe nini, mwanangu? Si ilishafungwa?"

Binti akacheka kwa adabu, akachomeka laptop.

Hapa wenye magari ya zamani wasikilize vizuri. Mfumo ule wa gesi haujitegemei. Kompyuta ya gari inaendelea kupiga hesabu za petroli, nozeli ifunguke kwa muda gani, na kompyuta ndogo ya gesi inasoma hesabu hiyo na kuigeuza kuwa gesi. Ikiwa imepangwa vizuri, muda unaosomeka kwenye petroli na kwenye gesi unakaribiana. Gari la baba likiwa limewaka bila kukanyagwa mafuta lilisoma 2.8 kwenye petroli, binti akahamisha kwenye gesi, namba ikapanda mpaka 3.9. Maana yake gesi ni kidogo, gari linalia njaa na kompyuta inaomba kuongezewa. Kibaya zaidi, kompyuta inaikariri ile njaa. Ukirudi kwenye petroli inamwaga nyingi kuliko kawaida mpaka ijisahihishe. Kwa hiyo baba hakuwa anachoma petroli ya zamani, alikuwa anachoma zaidi ya zamani, na juu yake deni la kikoba.

Binti hakukimbilia laptop kwanza, na hapo ndipo alipomzidi yule fundi wa mwanzo. Alichomoa plagi, zimelika. Akafunga geti la gereji pawe giza, akanyunyizia maji kidogo kwenye waya za plagi mashine ikiwa inaunguruma, cheche zikaonekana zinaruka pembeni. Gesi ni ngumu kuwaka kuliko petroli, inataka moto mkali, na waya uliochoka ambao petroli inauvumilia, gesi inaukataa. Akabadilisha waya na plagi, mpya akazibana gepu kidogo. Kisha akachukua taa ya taimingi. Ilikuwa nyuzi 5, wakati mashine ile kiwandani inawekwa 10. Gesi inaungua polepole, inataka moto uanze mapema, akazungusha distributa mpaka 12. Angeweza kusogeza zaidi, ila petroli ingeanza kugonga, na gari hilo lazima liishi na vyote viwili, kila asubuhi linawaka na petroli mpaka maji yapate joto ndipo lihame. Mwisho kabisa ndiyo akarudi kwenye laptop, akapandisha kidogo kidogo mpaka 3.9 ikashuka ikakaa 2.9. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya bomba, hakuna lililotoa mapovu.

Baba akawasha, akakaa kimya anasikiliza.

"Bado moja, baba," binti akasema. Alikuwa amefungua kava la juu na kupima gepu za valvu. Ya ekzosi silinda ya tatu ilikuwa imebana. Gesi ni kavu, kwenye mashine ya zamani inakula pale valvu inapokalia, valvu inazama taratibu, na gepu likiisha haitafunga tena, itaungua. "Miezi michache ijayo silinda hedi ishuke. Ukipuuza, utanunua mashine."

Jioni ile baba alifika nyumbani na plagi nne za zamani kwenye gazeti. Akaziweka mezani. Akasema yote, mlima, swichi, fundi rafiki yake, hela iliyokwenda kwenye petroli. Mama akaingia chumbani, akatoka na risiti zake, zimefika kumi na moja, akazipanga pembeni ya plagi.

"Na Kimara?"

"Kimara ni mlima tu, mama watoto."

Mama hakujibu. Asubuhi akavaa, akakaa siti ya mbele, akamwambia twende Kimara. Walipofika Ubungo akaweka kiganja chake juu ya ile swichi, asiibonyeze mtu. Gari likaanza kupanda, daladala nyuma, bodaboda pembeni, taa ya kijani inawaka. Halikutetemeka.

Walipofika juu akatoa mkono, akauliza kushusha hiyo silinda hedi ni shilingi ngapi.