Waya wa kinga kwenye Yamaha ya zamani: pale unapofaa na pale unapoua

Kwenye Barabara ya Kitaifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira, pikipiki nyingi siku hizi ni TVS na Boxer za India, na vipuri vyake vimejaa soko la Kadutu. Lakini Yamaha AG100 za zamani, zile zilizoachwa na mamisioni na miradi ya kilimo, bado zinatembea. Mimi naendesha moja nikienda kutafuta habari za redio. Injini yake hainisumbui. Kinachokatika ni kable.

Kable ya AG100 ni shida kuipata. Za pikipiki nyingine, hata zikifanana kwa macho, mara ni fupi, mara kichwa hakiingii. Kwa hiyo mafundi wa barabarani wananunua waya wa freni wa kinga, wanaupitisha ndani ya ganda la kable ya zamani, na mtu anaendelea na safari. Kazi hiyo siidharau. Imenifikisha Sange na Kiliba mara nyingi.

Siri iko kwenye kichwa cha waya. Fundi mmoja mzee wa Nyangezi anapitisha waya kwenye kichwa cha shaba, anafungua nyuzi zake kama ufagio mdogo, anaziosha kwa esanse mpaka grisi yote itoke, ndipo anatia risasi ya moto. Vijana wenye haraka wanatia risasi juu ya waya uliolala tu. Unashika siku mbili tatu, kisha unachomoka wote. Porini, pasipo na moto, kuna domino ya fundi umeme: unavua plastiki, unabaki na kipande cha shaba chenye visi mbili, unakibana kwenye waya. Nabeba mbili kwenye mfuko wa mikro.

Kwa ambreyaje, waya wa kinga ni mwembamba, kama milimita 1.5, na hautadumu. Lakini ukikatika hauui mtu. Unaisukuma pikipiki, ikianza kwenda unarukia juu, unaingiza vitesi ya kwanza kwa mguu, unarudi nyumbani ukiomba usikutane na kizuizi.

Kwa gazi unene unatosha, na hapo ndipo wengi wameharibu injini. Yamaha hizi za zamani zina pampu ndogo ya mafuta, mpango ambao kiwanda kilianza kuuuza mwaka 1964. Kable ya gazi inatoka kwenye mkono ikiwa moja, halafu inagawanyika: tawi moja linakwenda kabureta, la pili linafungua pampu. Fundi asiyejua anafunga waya mmoja mpaka kabureta na kuliacha tawi la pili likining'inia. Pikipiki inawaka, inakimbia vizuri, mteja analipa. Baadaye, kwenye mlima na mzigo, mafuta ni machache na pistoni inakwama. Ikiwa huna namna ya kugawa kable, afadhali uchanganye mwenyewe mafuta ya injini za namna hiyo na esanse, mililita 40 kwa kila litri, na usisahau hata siku moja.

Freni ya mbele ni jambo lingine kabisa. Injini hizi, ukiachia gazi kwenye mteremko, hazikushikilii sana. Kwenye escarpement ya Ngomo, ukishuka kuelekea Kamanyola, uzito wote unakuja mbele, na bonde liko pembeni hapo. Yule mzee wa Nyangezi ana waya wa kinga umening'inia kwenye msumari, lakini kwa freni ya mbele hautoi. Nilikuwepo siku motari mmoja alipomsihi, ana mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa muhogo. Mzee akajibu: "Enda kwa mwingine, mwanangu. Hii miye hapana."

Kijana alikwenda kwa mwingine, hatua ishirini tu kutoka hapo. Dakika kumi kazi ikaisha. Nilimwambia yule mama kwamba waya ule ni wa kinga. Akaniuliza kama nina nafasi kwenye yangu. Nilikuwa nayo, nikampakia, na motari akanitukana kwa sababu ya franga zake. Sikumlaumu, siku yake ilikuwa imeharibika.

Barabarani tunasimamishwa mara nyingi. Tunaombwa karatasi, kofia, na kile kisichoandikwa. Sijaona bado mtu anayeinama kuvuta mkono wa freni. Vyama vya wamotari vinaweza kufanya hivyo asubuhi palepale kwenye parkingi, bure, bila kungoja serikali: vuta kwa nguvu zote, angalia kichwa cha waya, ukiona uzi mmoja umekatika, abiria hapandi.

Kable yangu mpya ya freni ilichukua wiki tatu kufika. Wiki hizo tatu nilikwenda Kamanyola kwa gari la abiria, nimebanwa kati ya mifuko.