Homa ya Mama Mdogo

Nilipomaliza kidato cha nne hapa Masasi nilikuwa na madaftari mawili ya riwaya na mfuko mtupu. Mjomba akanitafutia kibarua katika zahanati moja ya mtu binafsi: kujaza fomu za Bima ya Afya. Kazi yenyewe, bwana, nyepesi. Mganga anaandika ugonjwa, mimi natafuta msimbo wake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Malaria isiyobainishwa ni B54. Homa isiyojulikana chanzo ni R50.9. Nilijaza huku nikiwaza sura ya tano ya riwaya yangu.

Mwaka 2021 mama mdogo alishuka kutoka Newala, mjamzito wa miezi sita. Mumewe mwalimu, kwa hiyo kadi ya bima anayo. Alikuwa amekaa wiki mbili kwa bibi: nyumba ya udongo, mkeka chini. Homa ikamshika, kichwa, viungo. Kipimo cha haraka kikasema hana malaria. Mganga akaniambia, "Andika malaria tu, dogo, huku si ndiyo iliyojaa?" Nikaandika B54. Siku ya nne homa ikakatika, tukaisifu dawa. Baada ya wiki ikarudi. B54 tena. Ikakatika, ikarudi mara ya tatu. Safari hii nikaandika R50.9.

Hakuna aliyemwuliza alikolala. Hata mimi niliyekulia kwenye mkeka uleule sikuuliza.

Tukampeleka hospitali. Huko walichukua tone la damu wakalitazama kwa hadubini. Mtu wa maabara akaniita nichungulie: kati ya chembe za damu, vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama parafujo. "Homa ya papasi hiyo," akasema.

Kumbe papasi ni kupe. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu ya udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu, hurudi kabla hakujapambazuka, wala hujui kama umeumwa. Kijidudu anachokiacha mwilini hubadili sura yake, ndiyo maana homa hukoma na kurudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakikioni kabisa. Joseph Dutton, daktari Mwingereza, alikufa kwa homa hiyo Kongo mwaka 1905 akiichunguza, na kijidudu kikapewa jina lake. Dawa zake ni antibiotiki za kawaida. Msimbo wake ni A68.1.

Mama mdogo alipona. Mtoto alizaliwa usiku uleule, kabla ya siku zake, asifike asubuhi.

Niliporudi kazini nilifungua nakala za fomu. Mwandiko wangu ule mzuri: B54, B54, R50.9. Nilitaka kufuta, lakini fomu zilikwisha kwenda. Basi kwa karatasi zile, mama mdogo aliugua malaria mara mbili na homa moja isiyojulikana. Papasi hayumo. Na wakubwa wakipanga dawa na hadubini, watapanga kwa yale tuliyoandika sisi.

Nikapanda Newala kumwona bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Papasi wamo humu tangu sijaolewa. Mbona hamkuniuliza?"

Tulikandika nyufa zote, tukamnunulia kitanda. Riwaya yangu bado haijaisha. Lakini siku hizi, kabla sijagusa kalamu, namwuliza mgonjwa: ulilala wapi?